Kondoo Wako Hawakuileta Ile Nyasi

Mpendwa Yieyo,

Naanza na neno ambalo lilipaswa kutoka kinywani mwangu miaka kumi na tisa iliyopita: kondoo wako hawakuileta ile nyasi shambani. Niliiingiza mimi. Nimeliweka hapa juu, kabla hata ya salamu, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitakuuliza habari za mifugo, nitakuuliza habari za mvua, na karatasi itaisha nikiwa bado naulizia mvua.

Sasa salamu. Takwenya, Yieyo. Najua hutaitikia. Mwezi uliopita nilikwenda Bissil siku ya soko la mifugo nikaambiwa ulifariki mwaka jana, huko mbele karibu na Namanga. Na hata ungekuwa hai usingeisoma barua hii, kwa kuwa hukuwahi kukaa darasani. Barua za mwanao Saruni kutoka shule ya bweni nilikuwa nakusomea mimi, wewe umekaa juu ya gunia, umefumba macho ili usikie vizuri. Kwa hiyo namwandikia marehemu asiyejua kusoma. Wenzangu huomba radhi mapema. Mimi nimesubiri mpaka ikawa haina faida kwa mtu yeyote.

Tulikuja kwako mwaka wa tisini na tatu, mimi na mume wangu, ambaye baadaye watu wote walimwita Baba Njeri. Ulikuwa mjane, na zile ekari themanini za udongo mweusi kati ya Kitengela na Isinya zilikuwa chini ya mkono wako mpaka Saruni amalize shule. Mkataba wa kukodi uliandikwa, lakini sharti lako kubwa halikuandikwa popote. Ulisimama langoni ukasema, "Ngano ni yenu. Mabua ni ya kondoo yangu." Baba Njeri akakubali kwa kukupa mkono. Mimi, mke mchanga kutoka Murang'a, sikujua wakubwa wa kwenu wanasalimiwaje, nikakuinamishia kichwa kama nilivyoona watoto wakifanya. Ulicheka, kwa kuwa nilikuwa mtu mzima mwenye ndoa. Lakini uliniwekea kiganja utosini. Tangu siku hiyo nikakuita Yieyo, yaani mama, kama wanao walivyokuita, na hukunikataza.

Shamba la miaka ile lilikuwa chafu, Yieyo, na leo nalilia ule uchafu wake. Kulikuwa na terere, managu, kishona nguo, mbigiri, ua la manjano lenye miiba ambalo hata punda hagusi, na kijani kingine ambacho sikukijua jina. Kwetu gugu ni kitu chochote ambacho hukupanda. Wewe ulinitembeza katikati ya mistari ukiwa na fimbo, ukinionyesha kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa majirani. "Hii ni ya tumbo. Hii mbuzi anapenda sana. Hii hata mbuzi amekataa, wacha nayo." Wanawake waliokuja kupalilia kutoka Kitengela walirudi nyumbani na mafungu ya mboga vichwani, na Baba Njeri alilalamika kwamba anaajiri watu waende sokoni katika shamba lake. Alilalamika akila hayo hayo managu.

Na alikuwa mkulima, tusimwonee. Alikuwa ameendesha trekta katika mashamba makubwa upande wa Nakuru na alijua mambo. Mvua za kwanza zikinyesha hapandi. Anaacha magugu yaote yote, yajidanganye kwamba dunia ni yao, kisha anapita na trekta anayageuza. Anasubiri tena, yanaota ya pili, anayageuza tena. Ndipo anapanda. Ngano ikishavunwa kondoo wako waliingia, wakala mabua, wakala na kila kilichobaki kijani kabla hakijatoa mbegu, wakaacha samadi. Magugu yalikuwa mengi lakini hakuna hata moja lililowahi kuwa mfalme. Hili sikuliona wakati ule. Nililiona baadaye, wakati kuliona hakusaidii.

Njeri alizaliwa mwaka wa tisini na nne, katikati ya kupanda, barabara ikiwa tope tupu na gari halipiti. Wewe ndiwe uliyempokea. Ulinichinjia kondoo, ukanilisha mafuta yake ya moto kwa kijiko cha mti mpaka nikakataa, na ulipoona nimekataa ukanikaripia kwa Kimaasai neno baada ya neno. Mama yangu mzazi alifika baada ya siku nne akanikuta nimenenepa. Naandika haya ili nisijidanganye kwamba nilimkosea mtu wa kando.

Kisha ikaja dawa. Mtu mmoja alipita akiuza dawa ya magugu, akamwonyesha Baba Njeri namna bomba la kuvutwa na trekta linavyomaliza kwa asubuhi moja kazi ya wanawake thelathini. Dawa hiyo huua kila chenye jani pana na ngano inabaki imesimama. Msimu wa kwanza tulishangaa. Terere lilijikunja, managu yakajikunja, hata mbigiri ukakubali kufa. Baba Njeri akaona hakuna haja tena ya kugeuza udongo mara mbili; akawa anapanda mvua ya kwanza tu, ili awahi. Wanawake wa kupalilia wakaambiwa wasije.

Ulikuja ukasimama pembeni, ukaangalia muda mrefu ile ngano safi, kisha ukaniuliza, "Wamekwenda wapi?" Uliuliza kama mtu anayeulizia watu wa boma lililohama. Nikakuambia tumewamaliza. Ukasema, "Mmefukuza wote. Sasa atakuja ule hapigi hodi." Nilimpelekea Baba Njeri maneno yako kama mzaha, akacheka, nami nikacheka, tukala kabichi ya kununua.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliacha hata baada ya dawa, nalo ni kufagia kombaini. Ile mashine ya kuvuna haikuwa yetu. Ilikuwa ya kukodi, ilitoka shamba hadi shamba kuanzia Narok, na tumboni mwake ilibeba mbegu za kila shamba ilikopita. Baba Njeri aliifanya isimame nje ya lango. Vibarua watatu waliingia na fagio na magunia matupu, wakafungua milango ya chini, wakapiga nyavu zake, wakakung'uta meno yake ya mbele, na kila kilichoanguka kilianguka juu ya turubai na kuchomwa pale pale. Nusu siku nzima. Madereva walimchukia. Kitengela yote ilimcheka, wakisema huyu Mkikuyu anaogesha mashine kuliko anavyooga. Hakujali. Nawe ulikuwa ukija siku hiyo kutazama, kwa kuwa kufagiwa kwa kombaini kulimaanisha mabua ya kondoo wako yako karibu.

Mwaka wa tisini na saba ngano ilichelewa. Redio ilikuwa ikisema kila saa kwamba mvua ya El Nino inakuja na itakuwa si ya mchezo. Wiki hiyo hiyo ndugu wa Baba Njeri akafa, akaenda Murang'a kuzika. Aliniachia shamba na neno moja: "Ikija, ifagiwe kwanza." Nikamwambia, unanifundisha kazi gani.

Kombaini ilifika siku ya pili yake saa nane mchana, na upande wa Ngong kulikuwa kweusi. Dereva hakuzima hata injini. Nilimwambia aegeshe nje tufagie. Akaniambia, "Mama, niko na shamba ingine inaningoja Konza. Nikifagiwa saa hii, naenda huko kwanza, nawarudia wiki ijayo. Chagua." Niliangalia ngano. Niliangalia lile wingu. Wiki ijayo ngano ingekuwa imelala matopeni inaota ingali kwenye masuke.

Nikasema, "Ingia."

Ulikuwa umesimama hapo hapo kando ya lango, shuka lako jekundu limepeperushwa na upepo. Uliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, leo hakuna kufagia?" Nikakujibu, "Mvua inakuja, Yieyo." Ukaangalia juu, ukasema, "Ee, mvua inakuja." Basi. Sikukuangalia tena. Mashine ikapita katikati yetu ikitikisika, na naapa niliona makapi yakimwagika kutoka chini yake pale pale ilipoanza kazi.

Tulivuna siku mbili. Siku ya tatu mbingu zikafunguka na hazikufunga mpaka mwaka mpya. Wakulima wengine walipoteza kila kitu. Baba Njeri aliporudi na kukuta magunia yamepangwa chini ya mabati, makavu, alinishika mabega mbele ya watu. Kanisani alisimama kutoa shukrani akasema, "Mke wangu ameokoa ngano." Watu wakapiga makofi. Hakuniuliza kama tulifagia, kwa kuwa haikumjia akilini kwamba ningeacha. Ningemwambia lini, Yieyo? Katikati ya makofi? Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Mficha uchi hazai, nililijua hilo, lakini niliona bado nina muda wa kutosha.

Msimu uliofuata ikaota. Ikiwa changa huwezi kuitofautisha na ngano hata ukipiga magoti. Ikikua inaizidi ngano kimo, inainamisha kichwa chake chepesi, na inamwaga mbegu kabla kombaini haijafika. Vibarua waliiita ngano ya uongo. Dawa haikuigusa, kwa kuwa haina jani pana. Na wale wote ambao wangegombana nayo tulikuwa tumeshawaua kwa mikono yetu. Mbegu yake ina mkia unaojisokota ukipata unyevu, inajichimbia yenyewe ardhini, na mkia huo huo unashika kitambaa, unashika gunia, unashika manyoya.

Nilikuwa wa kwanza kuiona kwa sababu nilijua pa kuangalia. Ilianzia langoni, ikaenda moja kwa moja, upana wa mashine, kama mtu aliyepima kwa kamba. Kondoo hawatembei hivyo. Nilianza kuing'oa asubuhi Baba Njeri akiwa mjini kutafuta dizeli. Nilibeba kikapu ili nikiulizwa niseme nachuma managu, na managu hayakuwepo tena shambani kwa miaka mitatu.

Siku ya tatu ulikuja. Hukuuliza ninafanya nini. Uliweka fimbo chini, ukafunga shuka kiunoni, ukainama mstari wa pili, ukaanza kung'oa. Tuling'oa mimi na wewe karibu wiki mbili bila kulitaja jambo hilo. Ulizungumza juu ya Saruni, juu ya jino lako, juu ya nyumbu waliovunja ua wako wakitoka mbugani. Nilipotaka kuacha mafungu ya nyasi pembeni ulinikataza. "Itamwaga mbegu. Leta, nipelekee kondoo." Ulibeba mafungu hayo mgongoni mwako, mzigo baada ya mzigo, mpaka bomani kwako, na kondoo wakala. Kile ambacho hawakukimaliza kilianguka juu ya samadi.

Hatukuimaliza, bila shaka. Mwaka wa tisini na tisa ilikuwa imefika kila kona, na ule mstari ulionyooka ulikuwa umevurugwa na trekta, hakuna ambaye angeuona tena. Ngano ilipungua. Baba Njeri hakulala vizuri, akawa anatembea shambani akiongea peke yake, akitafuta mlango ambao adui aliingilia. Alijua haikuwa kombaini. Yeye anafagia kombaini.

Kisha siku moja akapita bomani kwako akaona ile nyasi imeota kijani kuzunguka samadi yako, nene, imefika kiunoni.

Alikuita nyumbani kwetu, akakuita kwa heshima, siwezi kusema alikutukana. Ulikaa kwenye kile kiti chetu cha mbao. Aliweka mezani kishada cha nyasi na tonge la manyoya alilolitoa kwenye ua wako, limejaa mbegu zenye mikia. Akasema, "Mama Saruni, hii nyasi inamea kwa boma yako kushinda kwangu. Mwaka ule ulinunua madume ya kondoo Bissil. Manyoya yao imejaa hii kitu. Mimi nauliza tu, kwangu imetoka wapi?"

Ukanigeukia. Hukukunja uso, hukunitisha. Uliniangalia tu, ukaningoja, kama ulivyokuwa ukiningoja nimalize kusoma mstari mgumu katika barua ya Saruni. Nilikuwa nimeshika birika. Nilimimina chai katika kikombe chako, nikaendelea kumimina mpaka ikajaa sahani.

Ungeweza kusema. Maneno manne yangetosha: siku ile hamkufagia mashine. Hukuyasema. Ulikunywa ile chai yote, na ile ya sahanini pia, ukamwambia Baba Njeri, "Sawa. Kondoo hawatakuja." Ukainuka. Nilikufuata mpaka nje nikitaka kukuomba radhi hapo, mbali na masikio yake, na ukaniwahi. "Rudi ndani," ukasema, "mume wako hajakunywa chai."

Baada ya mavuno hayo Baba Njeri aliyachoma mabua, ekari zote themanini. Alisema moto utamaliza mbegu. Ulimaliza zilizokuwa juu. Zilizojichimbia zilibaki zimelala salama chini ya majivu. Na ndipo ukaja ule ukame wa mwaka wa elfu mbili. Majani yaliisha kuanzia Kitengela mpaka Kajiado mjini, watu wakapeleka ng'ombe hadi kandokando ya barabara za Nairobi. Mabua yetu yangewabeba kondoo wako miezi miwili, mitatu. Wewe unajua hesabu hiyo kuliko mimi. Niliwaona wamesimama kwenye ua wa lango wakiangalia majivu, na kila asubuhi walikuwa wachache zaidi. Ulikuwa ukiwachuna ngozi mwenyewe. Nilikutumia unga kwa Njeri, naye akarudi akasema umeupokea na umeuliza kama mama yake ni mzima.

Mvua zilipokaribia kurudi ulikuwa umeondoka na waliobaki, ukaelekea Bissil kwa ndugu zako. Hukuniaga. Nilifika bomani mvua zimeshanyesha nikakuta milango imeng'olewa, na samadi imefunikwa na ile nyasi, inachezacheza na upepo.

Ukitaka kujua iliishaje, iliishia vile ulivyosema. Bila kondoo hakukuwa na wa kuila ikiwa changa. Bila terere na wenzake hakukuwa na wa kuibana. Baba Njeri alizidisha dawa, na kila alipozidisha alikuwa anaifagilia njia. Akabadilisha dawa, ikaunguza na ngano yenyewe. Akarudia kugeuza udongo mara mbili kama zamani, lakini sasa mbegu zilikuwa zimejaa ardhini za miaka mingi, unageuza hizi zinaamka zile. Mwaka wa elfu mbili na tatu dereva wa kombaini alishuka, akaangalia, akaniambia mimi, "Mama, hapa mimi navuna nini?" Tulirudisha shamba. Saruni, ambaye alikuwa sasa na hati yake, alilikata vipande akauza. Leo pale langoni kuna nyumba ya orofa mbili ambayo haijaisha, na mbele yake duka la vifaa vya ujenzi. Sisi tumepanga nyumba Kitengela, nyuma ya soko. Kiangazi nyasi ile inaota kando ya mtaro wetu, na watoto hurushiana mbegu zake zinase kwenye sweta za shule.

Baba Njeri ameshikwa na mtoto wa jicho, haoni kusoma. Mimi ndiye humsomea gazeti, na ninachotaka kuruka naruka. Kila akikaa na wazee wenzake husimulia habari ya shamba, na kila akisimulia hufika mahali pale pale: tulikuwa tunaendelea vizuri, hadi kondoo wa mama mmoja walipoleta nyasi. Nimekaa kando ya masimulizi hayo nikichambua mboga kwa miaka. Mwanzoni nilikuwa nainuka naenda jikoni. Siku hizi siinuki.

Mwezi uliopita niliamka nikaona imetosha. Sikujiandaa maneno, niliogopa kwamba nikiyapanga nitayapamba. Nilimwambia Baba Njeri nakwenda kununua mbuzi wa Njeri, anayehitimu chuo, nikaenda Bissil nikaulizia Ng'oto Saruni, mama Saruni, kwa kila mwanamke aliyeuza maziwa pale. Walinipeleka kwa Saruni mwenyewe. Amekuwa mtu mzima, Yieyo, ana tumbo, ana simu mbili. Alinikumbatia. Akaniketisha kwenye kivuli cha lori, akanipa habari yako: kifua, siku chache, uliondoka asubuhi ukiwa umekunywa chai. Nililia pale, na watu wakapita na ng'ombe wao wakituzunguka.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimeanza, nakuapia, nilisema, "Saruni, ile nyasi," na kijana wako akanikatiza. Akainamisha kichwa.

"Mama Njeri, hiyo maneno imenisumbua sana," akasema. "Sisi tuliwaharibia shamba. Kondoo zetu. Mzee aliumia, na ninyi mlitulea vizuri, wewe ulikuwa unamsomea yieyo barua zangu. Hakuna mtu alikuja kuomba msamaha. Mimi naomba sasa, kwa niaba yake."

Nilimuuliza kama wewe ndiwe uliyemwambia ni kondoo. Akasema ndiyo. Alikuuliza mara nyingi mlihama kwa nini, na siku zote ulimjibu hivyo: kondoo waliharibu shamba la watu. Ulikufa ukisema hivyo. Mwanao mwenyewe hukumwambia, Yieyo. Ulinifunika hata mbele ya mtoto wako, na yeye amebeba aibu yangu tangu ujana wake akidhani ni ya kwao.

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Hakukuwa na mume, hakukuwa na makofi ya kanisa, hakukuwa na mvua. Na mimi, mtu wa miaka arobaini na minne, nilimwambia Saruni, "Yamepita, mwanangu. Tumesamehe."

Tumesamehe. Neno hilo nilisema mimi.

Alifurahi mpaka nikashindwa kumtazama. Akaita mchungaji wake, akachagua kondoo jike mchanga, mweusi kichwa, akanikabidhi kamba mkononi. Akanieleza kwamba kwenu mtu akimpa mwenzake kondoo, hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Paker, yeye na mimi, mpaka kufa, ili lile lililokuwa kati yao lisirudi. "Nenda salama, Paker," akasema. Nikamwitikia hivyo hivyo. Nilirudi Kitengela nyuma ya pikapu ya mtu, nimemshika yule kondoo katikati ya magoti, barabara nzima.

Baba Njeri alimpapasa kwa mikono, kichwa, mgongo, akauliza katoka wapi. Nikamwambia Saruni ametuma, ameomba radhi kwa ajili ya shamba.  Nikaona uso wake umelegea kwa namna ambayo sijaiona tangu tuondoke Isinya, na machozi yakamtoka mzee wa watu. Akasema, "Nilijua siku moja watakubali."

Nikamwambia, "Ndiyo, wamekubali."

Usiku huo alilala usingizi mzito. Sasa siwezi kumwambia, Yieyo. Ningekuwa nambomolea nyumba ya mwisho aliyobaki nayo. Siwezi kumrudisha kondoo, kwa kuwa nitamwambia Saruni nini? Na siwezi kukuomba msamaha, kwa kuwa hata kama kuna namna ya kukufikia, ulishanisamehe siku ile ulipoinama mstari wa pili ukaanza kung'oa, na haikunisaidia kuwa mtu bora. Labda ungenigombeza kama ulivyonigombeza nilipokataa mafuta, ningesema. Nakulaumu hata wewe, unaona nilivyo.

Pumzika, Yieyo. Sikuombi unitazame kutoka huko; ulishanitazama vya kutosha. Kondoo wa mwanao amefungwa kwenye nguzo ya mlango wetu, ana afya, na Baba Njeri humsalimu kila asubuhi kwa jina lako.

Binti uliyemsitiri,
Mama Njeri